Maswali yenu ya simu na tableti: nimefuta mafaili, mbona nafasi hairudi?

Barua za safari hii karibu zote zinalia kitu kimoja, mafaili. Ama yamejaza simu, ama yamepotea, ama yapo ila hayaonekani. Tuanze na swali ambalo wengi mmeliuliza kila mtu kwa maneno yake.

Habari za kazi. Simu yangu kila saa inaniandikia nafasi imekwisha. Nimekaa nimefuta video kibao, za WhatsApp na nyingine nilizorekodi mwenyewe, nikiangalia tena nafasi ni ileile. Hivi hizo video zinaenda wapi? Ni mimi, niliyechoka kufuta.

Salama ndugu yangu, na pole. Video zako hazijaenda popote, zimo humohumo kwenye simu. Simu za siku hizi ukibonyeza futa, mara nyingi faili halifutwi hapohapo, linasogezwa kwenye tupio na linakaa huko kwanza ili ukijuta ulirudishe. Files by Google inalitunza siku 30, My Files ya Samsung nayo siku 30, na muda wote huo faili linakula nafasi kama kawaida. Kwa hiyo fungua apu ya mafaili, tafuta tupio, likague taratibu, halafu ndo ulimwage. Nasisitiza kukagua manake ukishamwaga hapo usitegemee zile apu zinazojinadi kwamba zinarudisha kila kilichofutwa, hifadhi ya simu za sasa inasimbwa, yaani inafungwa kwa ufunguo wa siri, na data iliyofutwa inasafishwa chinichini, kwa hiyo mara nyingi hamna cha kurudisha na wewe umeshaipa apu usiyoijua ruhusa ya kupekua simu nzima.

Sasa WhatsApp, hapa ndo penye mzigo. Video uliyorekodi kwa kamera ukamtumia mtu inakuwa mbili ndani ya simu yako, ile ya kwanza imekaa kwenye DCIM, folda ya picha na video za kamera, na nakala WhatsApp imejiwekea kwenye folda inaitwa Sent. Wewe umeingia galeri ukafuta ile ya kwanza, nakala imebaki, na galeri kwa kawaida haikuonyeshi kilichomo kwenye Sent kwa hiyo hata hujui ipo. Ifuate hivi: kwenye apu ya mafaili ingia hifadhi ya ndani, kisha Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Video na mwisho Sent. Najua ni safari ndefu lakini ukifika huko panga mafaili kwa ukubwa uone yale makubwa yakija juu, wengi hushtuka wakikuta video za miaka mingi nyuma. Kama hutaki safari hiyo, ndani ya WhatsApp yenyewe kwenye setingi kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi, inakuonyesha mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi, unayafutia hapohapo.

Na kitu kimoja nakuomba sana kabla hujaanza kufuta tena. Kama picha zako zinabakapiwa, yaani zinawekewa nakala mtandaoni, kwenye Google Photos, ukifuta picha ndani ya hiyo apu inafutika kwenye simu na kwenye akaunti pia, siyo kwenye simu peke yake! Watu wanafuta picha za watoto wao wakiamini nakala iko salama mtandaoni, kumbe nayo inaondoka. Unachokitaka wewe ni ile sehemu ya kuongeza nafasi kwenye kifaa, hiyo inatoa kwenye simu zile tu ambazo tayari zimebakapiwa na kule mtandaoni zinabaki. Na kama ulishakosea, wahi tupio la Google Photos, picha iliyokuwa imebakapiwa inakaa siku 60, ambayo haikubakapiwa ni siku 30.

Rafiki kaniambia nidanlodi apu ya kusimamia mafaili yenye kusafisha simu na kuongeza spidi. Ipo nyingi, zote zina nyota nyingi. Ipi nzuri?

Kwanza angalia uliyonayo. Karibu kila simu na tableti inakuja na ya kwake, Android nyingi zina Files by Google, Samsung wana My Files, iPhone na iPad wana Files, na kwa kazi ya kawaida ya kukopi, kuhamisha, kubadili jina na kufungua mafaili ya zipu (yaliyobanwa pamoja) hizo zinatosha kabisa. Wengi wanaongeza nyingine kwa sababu tu hawajawahi kuifungua ya kwao.

Nina wasiwasi na apu hizi kwa sababu ya kitu zinachoomba. Toka Android 11 iliyotoka 2020, apu ya kawaida hairuhusiwi kujisomea mafaili yote ya kwenye simu, ila apu ya kusimamia mafaili inakuomba ruhusa maalumu ya kuyafikia yote, na ni haki yake maana ndo kazi yake. Lakini fikiria umehifadhi nini humo: picha ya kitambulisho, vyeti ulivyoskani, majibu ya vipimo vya hospitali, mikataba. Vyote hivyo umemfungulia aliyeitengeneza. Wenye Android za zamani mnaikumbuka ES File Explorer, ilikuwa kwenye simu za watu wengi mno. Januari 2019 mtafiti wa usalama akaonyesha kwamba mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe angeweza kupitia apu hiyo akajichukulia mafaili yako, na Aprili mwaka huohuo ikaondolewa Play Store kwenye sakata la udanganyifu wa matangazo. Nyota ilikuwa nazo tele.

Kwa hiyo kipimo changu ni ruhusa. Kuomba kufikia mafaili, sawa. Ikianza kuomba namba za watu wako, maikrofoni au kusoma meseji, itoe. Ile ahadi ya kuongeza spidi achana nayo kabisa, Android inajipangia yenyewe memori ya kuendeshea apu na kuzimazima apu kila dakika kunaifanya simu ianze kuziwasha upya, betri ndo inaumia. Ukihitaji zaidi ya ile iliyokuja na simu, mimi napenda Material Files, ni ya bure, haina matangazo na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda apu, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Solid Explorer nayo nzuri hasa kwenye tableti kwa sababu inakufungulia folda mbili ubavu kwa ubavu unavuta faili toka huku kwenda kule, ila baada ya muda wa majaribio inalipiwa.

Kuna folda ya picha naiona kwenye apu ya mafaili, picha zinafunguka vizuri, lakini galeri haizioni. Kirusi?

Siyo kirusi. Ndani ya hiyo folda kuna uwezekano mkubwa limo faili tupu linaitwa .nomedia, kazi yake ni kuiambia galeri ipite bila kuangalia. Washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, tafuta lenye jina hilohilo la .nomedia, lifute na ukiwasha simu upya picha zitatokea. Ila ukilikuta kwenye folda za apu nyingine liache, bila hilo galeri itajaa vipicha vya ajabu.

Shikamoo. Simu yangu imevunjika kioo, nikahamisha memori kadi kwenye simu mpya, inasema kadi haifai na inataka kuifomati. Kuna picha za msiba wa baba yangu. Nifomati?

Marahaba mwanangu, usifomati, utafuta kila kitu! Pole sana kwa msiba. Bonyeza kataa, itoe kadi, iweke mahali salama. Toka Android 6.0 ya mwaka 2015 baadhi ya simu zinakuruhusu kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, na ukikubali hilo kadi inasimbwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu ileile, simu nyingine wala kompyuta haiwezi kuisoma. Dalili zako zinafanana na hilo. Irudishe kwenye simu ya zamani, fundi abadilishe kioo tu, na mwambie waziwazi asiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani maana ufunguo utafutika na picha hazitasomeka tena. Ikiwaka, kopi kila kitu kwenda kwenye kompyuta. Kama kadi haikuwekwa hivyo basi huenda imeharibika tu, hapo ijaribu kwanza kwenye kompyuta yenye kisoma kadi, na bado jibu la kufomati ni hapana.

iPad inaweza kusoma flashi? Na kwa nini video yangu ya GB 6 inagoma kuingia?

Inaweza, toka iPadOS 13 ya 2019, chomeka na uifungue kwenye Files. Video inagoma kwa sababu flashi yako yaelekea imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja la kufika GB 4 hata kama flashi ni tupu. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa mpangilio wa exFAT kwenye kompyuta, itakubali. Wakati wa kukopi subiri mpaka iPad imalize ndo uchomoe. Halafu, wenye iPad na iPhone, mafaili mnayoyaona chini ya jina la apu kwenye sehemu ya ndani ya kifaa ni ya apu hiyo, ukiifuta apu yanaondoka nayo, kwa hiyo yahamishe kwanza.