Muulize Bi Mpima: Kaka anataka kuuza, sisi tunataka msitu ubaki

*Shikamoo Bi Mpima. Naishi Umoja na nina kibanda cha vitambaa Gikomba, lakini kwetu ni Kwale, upande wa Msambweni. Baba alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, akatuachia ekari 14 zinazoteremka hadi baharini. Ekari 5 za chini hazijawahi kuonja jembe: ni msitu wa mibambakofi na mikwaju, mbega bado wanaruka humo, na kasa hupanda kutaga mchangani. Pembeni kuna mikoko. Tumezaliwa watano. Kaka mkubwa ameshakaribisha madalali mara tatu, anasema tuuze tugawane. Mimi na dada zangu wawili hatutaki. Mdogo wetu wa mwisho yuko Qatar, hajasema lolote. Kuna mtu alituambia tuanzishe amana ya ardhi ya jamii. Ni kitu gani hicho, na kitamfunga kaka?*
*— Mwana wa Pwani, Umoja*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu, nami nikuulize: hati iko kwa jina la nani? Hukuandika. Nimebeba theodolaiti, ile darubini ya kupimia ardhi, miaka thelathini na kitu, na nimejifunza kwamba mtu asipotaja jina lililo kwenye hati, basi jina hilo ni la marehemu.

Kama ndivyo, msije mkaanza na amana. Anzeni na mirathi, mahakamani, au kwa Kadhi ikiwa nyinyi ni Waislamu na wote mmeridhia kwenda huko. Mpaka hapo hata kaka yako hana cha kuuza. Kuchezea mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai, kwa hiyo anachovuna kwa madalali sasa ni soda tu. Hilo linawapa muda. Msiutumie kwa kununiana.

Sasa hiyo amana. Wewe ni mtu wa Pwani, kwa hiyo unalijua jambo hili kwa jina jingine: wakfu. Mzee akishaweka kisima au shamba wakfu, halirithiwi, haliuzwi, halitolewi zawadi. Kinacholiwa ni faida yake, na msimamizi ni mutawali, ambaye naye si mwenyewe. Amana ya ardhi ya jamii ni ndugu wa wakfu. Ardhi inatoka mikononi mwa mtu mmoja mmoja na kushikwa na chombo kisichokufa. Wadhamini wanabadilika, chombo kinabaki. Hapa kwetu mfano unaotajwa sana uko Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, ambako tangu miaka ya 1990 wakazi wana nyumba zao lakini ardhi ni ya wote pamoja, ili dalali akija asipate mtu mmoja wa kumrubuni. Ule ulikuwa mtaa wa makazi, wenu ni msitu, ila kufuli ni lile lile.

Huyo aliyewashauri huenda alikuwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kichwani. Hiyo kwanza ilitungwa kwa ardhi ambayo jamii inaishika kwa pamoja, kama malisho na yale yaliyokuwa mashamba ya makundi ya wafugaji. Yenu ni ardhi ya binafsi yenye hati. Inaweza kugeuzwa iwe ya jamii, ndiyo, lakini kwa ekari 5 za ndugu watano naona ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mgeni mmoja. Njia yenu ni hati ya udhamini inayoandikwa na wakili, kisha wadhamini wasajiliwe chini ya ile sheria ya wadhamini ya Kap 164, ili chombo kimiliki ardhi kwa jina lake chenyewe. Ikiwa shamba linahesabika kuwa la kilimo, mtapita pia kwenye bodi ya ardhi ya eneo lenu kuomba kibali cha kukata na kuhamisha. Wake na waume zenu waitwe, watie sahihi.

Kuna jambo moja ambalo wakili akilisahau, mnyang'anye kalamu: hati ya udhamini ikataze kabisa ardhi hiyo kuwekwa rehani. Amana ya kwanza kabisa ya namna hii, New Communities, ilianzishwa Georgia, Marekani, mwaka 1969 na wakulima weusi. Walikuwa na ekari 5,700 hivi. Ukame ukaja, mikopo ya serikali wakacheleweshewa kwa ubaguzi, madeni yakawalemea, na mwaka 1985 ardhi yote ikaenda. Madalali hawakuhitajika. Deni lilitosha.

Ukitaka kufuli la pili, Sheria ya Mazingira ya 1999 inairuhusu mahakama kuiwekea ardhi sharti la uhifadhi. Sharti hilo huandikishwa kwenye daftari la ardhi na kumfuata kila atakayeimiliki baadaye, hata la milele mkitaka. Wengi hapa Nairobi hawajui kwamba lipo.

Nije kwa kaka yako, maana naona ndiye aliyekufanya uandike. Ulivyouliza kama amana "itamfunga" sikupenda. Amana haiundwi kwa kumfunga mrithi. Fungu lake ni lake, na asipotaka kuliingiza hakuna wakili wa kumlazimisha.

Nitakusimulia kosa langu. Mwaka 1991 nilipima shamba la familia moja pwani, sitataja wapi. Walikuwa saba, na kila mmoja alitaka barabara na kila mmoja alitaka bahari. Nikawakatia mikanda saba mirefu kutoka barabarani hadi mchangani, myembamba kama kanga iliyoraruliwa. Ili kupata mistari yangu tulifyeka njia ndani ya msitu mara sita. Babu yao alituzuia mbele ya mbambakofi mmoja, akasema huo mti ni mkubwa kuliko serikali, tupinde mstari. Mstari wa mpima haupindi. Tukaukata. Vipande viwili viliuzwa mwaka uleule, na mnunuzi wa kwanza alipojenga ukuta, wanyama waliokuwa wakipita juu ya miti wakabaki upande mmoja. Niliporudi baadaye kutafuta bikoni, yale mawe ya mipaka, nilizipata zote. Msitu sikuupata. Kila mtu alisema nilifanya kazi safi, na kweli vipimo vilikuwa sahihi.

Kwa hiyo, mwanangu, msikate mikanda. Kateni shamba kwa upana: ekari 9 za juu kando, ekari 5 za msitu kando, nzima. Kaka apewe lake lote juu, karibu na barabara, alifanye atakavyo. Lakini msimpige chenga kwa hesabu ya ekari. Ekari ya baharini ina bei kubwa kuliko ekari ya barabarani, naye anajua, ndiyo maana madalali hawamwachi. Mwiteni mthamini, fungu lake la chini lipigiwe hesabu kwa shilingi, kisha mlifidie kwa ardhi zaidi ya juu kutoka kwenye mafungu yenu nyinyi mnaotaka msitu. Ndiyo, itawauma. Anayetaka mbega ndiye alipie mbega. Na huyo wa Qatar mpigieni simu wiki hii, kabla kaka hajampigia.

Kisha kuna swali la wale watakaobaki na fungu ndani ya msitu: watakula nini? Kusini ya Mbuga ya Nairobi, kule Kitengela, kuanzia mwaka 2000 wenye mashamba walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala kukata viwanja, wanyama wapate kupita. Pesa zilipangwa zifike wakati wa karo, na hapo aliyepanga alikuwa na akili, maana karo ndiyo huwasukuma wengi kuuza ardhi. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa kutegemea mfuko wa mfadhili. Nyinyi wekeni kitu chenu: mizinga ya nyuki, au nyumba mbili ndogo za wageni huku juu, mapato yaingie kwenye amana.

Mikoko msiiandike kwenye hati ya udhamini. Si yenu. Mikoko yote ya nchi hii ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, na Katiba inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Hiyo haina maana mkae mikono nyuma. Majirani zenu wa Gazi na Makongeni wanatunza hektari 117 za mikoko kupitia Mikoko Pamoja tangu 2013, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko yao huinyonya, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Nendeni mkawaulize wamefanyaje. Ufuo wa kasa nao ni wa umma, lakini giza lake ni lenu. Watoto wa kasa wakianguliwa usiku hufuata mwanga wakidhani ni bahari, na taa za hoteli huwapeleka nchi kavu. Msitu wenu ndio pazia.

Mwisho, wadhamini wasiwe ndugu watupu. Mtieni mvuvi wa kikundi cha ufuo na jirani mmoja mbishi. Jumamosi huwa natembea Karura. Ule msitu nao ulitangazwa rasmi tangu 1932, na bado vipande vyake viligawiwa watu, hadi Wangari Maathai na wenzake wakapigwa langoni mwaka 1999. Karatasi ilikuwepo muda wote.

*Bi Mpima, tuna kikundi cha kuhifadhi kipande cha msitu Kilifi. Rafiki yetu Mjerumani atachangia pesa, lakini anataka awe mmoja wa wafaidika wa amana. Kuna ubaya?*
*— Katibu, Kasarani*

Upo. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema mali ya amana huhesabika kuwa ya raia ikiwa tu faida yote ni ya raia. Mkimwingiza yeye mmoja, amana nzima inageuka ya mgeni, na mgeni hashiki ardhi ila kwa kukodi, isizidi miaka 99. Achangie tu. Apewe risiti, na akija apewe chai.