D ya 41 kwenye Kiingereza, kidato cha nne

Dada, umeuliza kama kijana wako amefeli kwa kupata 41 ya Kiingereza kwenye moko, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa. Hajafeli. Kwa madaraja ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, D ni alama 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Hiyo 41 ya moko imebakiza alama nne tu aingie C, inayoanzia 45. Wanaokuambia arudie darasa wanamwonea kijana.

Nafundisha vidato vya juu hapa Mwanza. Watoto wengi wa shule za kata wamesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, halafu ghafla kila somo ni Kiingereza. Akili wanazo, msamiati ndio haujatosha. Kwa hiyo kabla hujalipa hiyo tuisheni ya Nyegezi, ingia tovuti ya NECTA upakue taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo la Kiingereza. Ni bure. Humo kuna swali, jibu zuri la mtahiniwa, jibu bovu, na maelezo ya kwa nini alikosa. Kila jioni ajibu swali moja kwa kalamu ndipo alinganishe. Kusoma kwa macho hakutoshi.

Na mwulize kama vitabu vya fasihi amevisoma kweli au amekariri muhtasari. Kwa wanafunzi wangu, alama nyingi hupotelea kwenye insha hizo, si kwenye sarufi.

Ila madaraja hayo ni ya mtihani wa taifa. Moko hutofautiana kwa ugumu na usahihishaji, kwa hiyo mwone mwalimu wake akuonyeshe karatasi yenyewe.