Pikapu kuukuu inatetemeka na kula mafuta: jua kwanza kilichozidi, ndipo ununue spea

Pikapu ya petroli ya miaka mingi ikianza kutetemeka ukiwa umesimama, na huku geji ya mafuta inashuka upesi kuliko ulivyozoea, mara nyingi chanzo ni kimoja. Injini inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Uwiano huo ukivurugika, unaanza kuusikia kwenye sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), maana hapo injini inavuta hewa kidogo sana na kasoro ndogo haina pa kujificha. Ndiyo maana gari linaweza kuvuta vizuri barabarani, halafu likifika kwenye foleni likaanza kutikisa usukani.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni hili: mafuta yamezidi, au hewa imezidi? Kabla hujalijibu, usinunue kitu.

Plagi zinaanza kukujibu bure. Zifungue zote, uzipange kwa mfuatano wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi yanasema petroli ni nyingi. Weupe wa chokaa unasema hewa imezidi au plagi inapata joto kupita kiasi. Unyevu wa oili unakupeleka kwenye ringi za pistoni au sili za vavu. Ikiwa moja tu ndiyo mbaya, shughulika na silinda ile: hamisha koili au waya wake kwenye silinda nyingine, uone kama kumisi (silinda kukosa kuwaka) kunahama nayo.

Kama pikapu yako ina soketi ya kusomea makosa (zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996 zinayo), chomeka kifaa, lakini usiishie kwenye namba ya kosa. P0300 inasema tu kwamba injini inamisi bila kuchagua silinda. P0171 inasema mchanganyiko una petroli kidogo, P0172 inasema ni nyingi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "badilisha sensa ya oksijeni", ingawa ndiyo spea inayonunuliwa mbio mbio kuliko zote. Silinda inayomisi inatupa kwenye eksozi hewa ambayo haikuungua. Sensa nzima kabisa inaiona, inaripoti kwamba petroli ni pungufu, na kompyuta inaongeza. Mafuta yanaliwa, na aliyelaumiwa hana kosa.

Kwenye kifaa hicho, tazama asilimia ya masahihisho ya mafuta: plus ni kompyuta inaongeza petroli, minus ni inapunguza. Kati ya minus 10 na plus 10 sina wasiwasi. Ikiwa plus 20 kwenye sailensi, kisha inakaribia sifuri ukiishikilia injini kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa inayoibwa: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya menifoldi, mpira wa busta ya breki. Pinda kila mpira kwa vidole, hasa kwenye kona na sehemu za chini zisizoonekana. Nyufa za mpira mkavu hufunguka ukiupinda tu. Wengine hupulizia kemikali inayowaka kutafuta uvujaji. Mimi sifanyi hivyo juu ya injini yenye moto, na nakusihi nawe usifanye. Ikiwa plus inapanda kadiri unavyoongeza mwendo, kagua filta na pampu ya mafuta, na sensa ya kupima hewa kama imechafuka.

Pikapu yangu ilikuwa upande wa pili: minus kubwa, plagi nyeusi, harufu ya petroli kila asubuhi. Nilishauriwa ninunue sensa, kisha nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini. Kilichotoa jibu ni mpira mwembamba unaotoka kwenye menifoldi kwenda kwenye regyuleta ya presha ya mafuta. Niliuchomoa, na ndani yake ulikuwa umelowa petroli. Pale panatakiwa pawe pakavu kabisa. Utando wa ndani ya regyuleta ulikuwa umepasuka, na injini ilikuwa inanyonya petroli mbichi kupitia mpira ule, nje ya hesabu ya nozeli. Nilibadilisha regyuleta, na oili pia, kwa kuwa kijiti cha oili kilinuka petroli na oili iliyozimuliwa hivyo hailindi beringi. Mtetemo ukaisha.

Thamostati, vavu inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto, nayo haitajwi vya kutosha. Ikiganda wazi, injini haipati joto lake, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli kama ya asubuhi. Geji ya joto ikibaki chini hata baada ya mwendo mrefu, anzia hapo.

Vyote vikiwa sawa na mtetemo upo, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya kila silinda) kabla ya kutumia hela zaidi. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, hakuna sensa itakayoiponya.

Na kama sailensi imetulia lakini mafuta bado yanakwisha, toka kwenye injini. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na ringi ya kila gurudumu bila kugusa. Lenye joto kuliko mengine lina breki inayoshika. Angalia upepo wa matairi. Ukiwa umefunga matairi makubwa kuliko ya asili, kilomita za dashibodi zinasoma pungufu, na hesabu yako ya ulaji inadanganya. Jaza tanki, tembea, jaza tena kwenye pampu ileile, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizojaza.