Kabla ya kulipia waranti ya ziada, itafute betri kwenye karatasi

Mtu akiniuliza kama alipie waranti ya ziada ya simu, humwuliza kwanza anaogopa nini. Karibu wote hujibu: betri. Hapo ndipo penye tatizo. Betri ndiyo sehemu ya simu yenye hakika ya kuchakaa, nayo ndiyo hiyo hiyo ambayo waranti nyingi za kuuziwa haziigusi.

Mtoto wa kaka yangu alinunua simu mjini Unguja kwa Sh 850,000. Akiwa bado yuko kaunta, muuzaji akamwambia aongeze Sh 85,000 apate waranti ya mwaka wa pili. Akanipigia: "Ami, nilipe?" Nikamwambia aipige picha ile karatasi, mbele na nyuma, anitumie. Maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikayavuta kwa vidole mpaka nikaupata mstari wenyewe: haihusu sehemu zinazochakaa kwa matumizi ya kawaida, ikiwemo betri, chaja na waya. Chini yake ikaendelea: haihusu maji, kuanguka, kioo kupasuka, wala simu iliyofunguliwa na fundi wa nje.

"Sasa kimebaki nini, Ami?"

Kimebaki kasoro ya kiwandani. Spika isiyotoa sauti, kamera isiyowaka, simu inayojizima bila sababu. Kasoro za namna hiyo, kama zipo, mara nyingi hujitokeza mapema, ndani ya ile miezi 12 ya mwanzo ambayo mtengenezaji kwa kawaida ameshakupa bila malipo. Mwaka wa pili unaouziwa ni wakati ambao simu iliyotoka salama kiwandani huendelea kuwa salama, isipokuwa uiangushe, uimwagie maji, au betri ichoke. Na hayo matatu yote karatasi ilikuwa imeshayatoa nje. Hakulipa.

Hebu tuitazame hiyo betri, maana watu wengi huambiwa tu kwamba "imekufa" bila kuelezwa imekufaje. Umri wake hupimwa kwa mizunguko. Mzunguko mmoja si kuchomeka chaja mara moja. Ni kutumia jumla ya asilimia 100. Ukitumia 50 leo ukachaji, kesho ukatumia 50 nyingine, huo ni mzunguko mmoja kwa siku mbili. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000, kwa hali nzuri ya matumizi. Umoja wa Ulaya nao, tangu Juni 2025, unataka simu mpya zinazoingia sokoni kwao zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800.

Piga hesabu wewe mwenyewe. Anayemaliza mzunguko mmoja kila siku hufika 500 baada ya mwaka na miezi minne au mitano. Yaani betri inaanza kumchosha katikati ya ule mwaka wa pili alioulipia, halafu anafika dukani na karatasi yake mkononi anaambiwa betri haimo.

Hiyo ni kwa hali nzuri, na kwetu hali si hiyo. Betri ya lithiamu, ndiyo hii iliyomo kwenye simu, huharibiwa sana na joto. Ndani yake kuna utando mwembamba unaojijenga taratibu kwenye upande hasi, na kila unavyonenepa hula sehemu ya lithiamu ambayo ingebeba chaji. Joto huuharakisha, na kuwa imejaa pomoni huuharakisha zaidi. Makadirio yanayotumika sana ni haya: betri iliyojaa ikiwekwa tu mwaka mzima kwenye nyuzi 25 hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, kwenye nyuzi 40 hubaki na 65 hivi. Ikiwa na chaji ya asilimia 40 tu, kwenye joto hilo hilo la nyuzi 40, hubaki na 85. Apple wenyewe wanatahadharisha kwamba zaidi ya nyuzi 35 betri inaweza kupata madhara yasiyorudi nyuma. Sasa fikiria simu iliyowekwa juu ya dashibodi ya daladala msimu wa kaskazi, kioo cha mbele kinapigwa na jua la saa saba mchana, na waya wa chaja umo. Au bodaboda aliyeifunga simu kwenye usukani ikimwonesha ramani, huku inachajiwa na pawabenki iliyomo mfukoni. Na mtoto anayelala nayo chini ya mto, imechomekwa usiku kucha ndani ya kava nene la mpira.

Sisi wa visiwani tuna ugonjwa wetu mwingine: kujaza mpaka 100 kila umeme ukiwepo. Siwalaumu watu. Waliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika kwa miezi mitatu, walijifunza kuchaji kila walipopata tundu lenye moto, na tabia ile imebaki. Lakini zama zile wengi walikuwa na simu ndogo ambazo unafungua mgongo kwa kucha, unatoa betri, unaweka nyingine. Za sasa betri imegundishwa ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa bei rahisi. Kama simu yako ina kipengele cha kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, kiwashe, hasa kama unakaa dukani au ofisini na chaja iko karibu siku nzima. Simu nyingi mpya za Samsung zinacho, na iPhone kuanzia ya 15. Ukichaji, ivue kava ukiona inapata moto. Usingoje izime ndipo uchaji. Siku ya safari jaza 100, hakuna ubaya, simu imenunuliwa itumike.

Halafu ile pesa ya waranti iweke pembeni. Mimi betri yangu nimebadilishiwa kwa Sh 45,000, na kazi yenyewe niliikalia kitako nikaitazama, Chake Chake, kwa fundi ambaye hapendi mtu wa kumharakisha. Simu ilikuwa imeanza kuinuka mgongo, betri imetuna. Alipuliza hewa ya moto kwenye kingo mpaka gundi ikalainika, akapenyeza kadi ya plastiki, akazunguka nayo polepole. Kabla ya kugusa chochote kingine alichomoa kile kiunganishi cha betri. Kisha akadondosha spiriti pembeni, akasubiri, akaing'oa kwa vidole. Bisibisi aliiweka mbali kabisa. "Hii ukiitoboa inawaka," akaniambia bila kuniangalia. Betri kuukuu akaitia kwenye kopo la mchanga lililokuwa chini ya meza. Fundi mwenye kopo la mchanga ni fundi ambaye ningempelekea simu tena. Ukimwona anaichokoa betri iliyotuna kwa chuma, chukua simu yako uondoke.

Neno "orijino" dukani limeshapoteza maana, lisikubabaishe. Muulize fundi atakupa muda gani wa kurudi ikisumbua, na akuandikie. Kwa iPhone kuanzia XS na XR, mipangilio ya simu yenyewe itakwambia kama betri iliyowekwa inatambulika kuwa halisi. Hili liangalie pia unaponunua simu iliyotumika: simu ya miaka minne inayoonesha betri asilimia 100 imebadilishwa betri au imechezewa, na muuzaji akikwambia mwenyewe wa kwanza alikuwa haitumii sana, cheka tu.

Wapo watakaokuuliza kwanza kama mkataba wenyewe unafaa katika sharia ya Kiislamu, kwa sababu unalipia jambo ambalo huenda lisitokee, na hapo suala la gharar, yaani biashara isiyojulikana mwisho wake, linaingia. Hilo waachie masheikh. Mie nazungumzia mfuko tu.

Si kila waranti ya ziada ni upuuzi. Binti wa dada yangu anatembeza wageni Nungwi, na simu yake ndiyo kamera, ndiyo benki, ndiyo ofisi. Siku nzima yuko ndani ya boti na mchangani. Aliniuliza swali lile lile la yule wa kwanza, nikamwambia alipie. Yake ilikuwa ya namna nyingine: inalipa kioo kikipasuka, inalipa maji, na betri ikishuka chini ya asilimia 80 inabadilishwa bure. AppleCare+ ya Apple, kwa mfano, inalo sharti hilo la 80. Na usiniambie simu ina alama ya kuzuia maji. Vipimo vile hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na watengenezaji wengi hawatoi dhamana ya kawaida kwa simu iliyoingia maji.

Tofauti kwake ilikuwa bei ya simu, iliyopita milioni mbili, na hatari ya kazi yake. Hata hivyo nilimwambia aulize jambo moja kabla ya kutoa pesa: simu ikiharibika itatengenezewa wapi? Dhamana za aina hii huuzwa katika baadhi ya nchi tu, na simu nyingi za bei hiyo hutufikia kupitia kwa jamaa walioko Dubai au Ulaya. Ikiwa lazima irudishwe ilikonunuliwa, basi una karatasi nzuri na huna simu kwa wiki kadhaa. Ikiwa ni Dar es Salaam, hesabu nauli ya boti kwenda na kurudi, na hesabu siku utakazokaa bila kazi. Yeye alipata jibu la Dar, kwa maandishi, pamoja na ahadi ya kupewa simu ya kuazima wakati yake iko kwa fundi. Bila ile simu ya kuazima ningemwambia aache.