Uliza Fundi wa Miti: Mkaratusi Ulioinama, na Wanaume Waliosimama Juu ya Mbao

Mhariri, kando ya boma letu kuna mkaratusi wa siku nyingi, unene wake kama sentimita 60, na umeinamia shamba la mahindi. Kijana mwenye pawaso anasema ataumaliza kwa nusu saa. Lakini mti wa jirani ulioinama hivyo ulipasuka ukiwa umekatwa nusu. Niangalie nini? – Msomaji, Shinyalu

Nusu saa inatosha kukata. Kinachotaka muda ni kuusoma mti. Simama mbali, ning'iniza timazi (uzi wenye uzito nchani) mbele ya jicho ulinganishe na shina, kisha zunguka robo duara urudie. Mti huonekana wima ukitazamwa kutoka barabarani, kumbe umelalia jikoni. Angalia pia upande matawi yalikozidi, na tawi lolote kavu lililonasa juu. Hilo huanguka kwa mtikisiko tu.

Mkato wa kwanza ni mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, upande mti utakakoangukia. Kwa unene huo uingie sentimita 12 hadi 15, na uwe wazi vya kutosha, nyuzi 60 au 70. Mdomo mwembamba hufumba mapema na kuvunja bawaba mti ukiwa bado hewani. Bawaba ni ule ukanda usiokatwa kati ya mdomo na mkato wa nyuma. Iwe na unene wa sentimita 6, sawasawa kushoto na kulia, kwa sababu ndiyo usukani. Fundi akikata nyuma mpaka akutane na mdomo, mti hujichagulia njia.

Sasa kupasuka. Mti ulioinama ukikatwa kutoka nyuma kwa mkato wa kawaida, uzito huanza kuuvuta mbele wakati bawaba ingali nene na haiwezi kupinda. Shina huchanika kwenda juu, na kipande cha nyuma huruka kule kule aliposimama mkataji. Mkaratusi una tabia hiyo sana.

Dawa yake ni hii. Baada ya mdomo, achome msumeno ndani ya shina nyuma ya bawaba, utokee upande wa pili, kisha akate akirudi nyuma na kuacha sentimita 5 au 6 za mwisho. Kipande hicho huushika mti. Akiwa tayari, anakikata na mti unakwenda kwa mara moja. Anapochoma aanze na sehemu ya chini ya ncha ya msumeno. Sehemu ya juu ikitangulia kugusa, msumeno humrukia usoni.

Afyeke mapema njia mbili za kukimbilia, nyuma kwa mshazari. Watu wengine wote, na watoto hasa, wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Kazi ifanywe asubuhi, kwani huko kwenu mvua hupenda kuja alasiri, na upepo huitangulia. Ungekuwa umeinamia paa, tungesema usiangushwe kabisa. Apande mtu anayejua, aushushe vipande vipande kutoka juu.

Nimeona picha ya zamani ya wakata miti wa pwani ya magharibi ya Marekani. Wamesimama juu ya mbao zilizochomekwa ubavuni mwa mti, juu kabisa ya ardhi. Kwa nini wasikate chini? – Msomaji, Kisumu

Kwa sababu ya kitako. Misitu ile hupata mvua nyingi mno. Bonde la Hoh, jimbo la Washington, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Miti ya misitu ya pwani hiyo, kama Douglas fir, Sitka spruce na redwood, hupanuka sana chini, nyuzi za mbao zikajipinda na utomvu ukajaa. Ukipanda mita mbili au tatu unakuta shina jembamba zaidi na lililonyooka. Kwa msumeno wa kuvutwa na watu wawili, tofauti hiyo ni saa nyingi za jasho.

Walichonga tundu kwa shoka, wakachomeka ubao wenye chuma nchani. Chuma kilikuwa na ukingo ulioinuka, hivyo uzito wa mtu ulikifanya king'ate mti zaidi. Chupa ya mafuta ya taa ilining'inia karibu, ya kunyunyizia msumeno ulionaswa na utomvu. Visiki vyenye matundu mawili kama macho bado vipo huko.

Redwood ilikuwa na shida yake: ni ndefu mno (Hyperion, mti mrefu kuliko yote hai, unapita mita 115) na mbao yake huvunjika ovyo ikipiga ardhi ngumu. Basi walitandika kwanza kitanda cha matawi na udongo pale utakapolala. Kuyavuta magogo kulikuwa kazi ya ng'ombe, mpaka John Dolbeer alipopata hataza ya winchi yake ya mvuke mwaka 1882.

Lakini mkaratusi wa huku kwetu usiukate juu hivyo. Hauna kitako cha namna ile, na mita mbili za chini ndizo nene kuliko zote.

Magogo yangu ya mkaratusi hupasuka ncha kabla hata ya kufika kwa mashine ya kupasulia. Nimeuziwa miti mibovu? – Msomaji, Molo

Hapana. Mkaratusi hukua ukiwa umejikaza ndani, na ukikatwa mkazo huo hufunguka nchani. Jua huzidisha. Kata kila gogo likiwa na ziada ya sentimita 10 hadi 15 kila upande, paka ncha rangi nzito siku hiyo hiyo, weka kivulini, na upasue mbao ndani ya siku chache. Ufa ukianza, pigilia nchani chuma chenye umbo la S, kikiwa kimekatiza ule ufa. Na kabla ya lori kuondoka, dereva awe na kibali cha usafirishaji kutoka Shirika la Huduma za Misitu, KFS.