Jibu: Wanafunzi wanasema Tom Robinson alijiponza

Mwalimu mwenzangu, nimekuelewa: mnasoma To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee ambamo Tom Robinson, mtu mweusi, anashtakiwa kwa uongo kwamba alimbaka Mayella, msichana mzungu; na nusu ya darasa inashikilia kwamba Tom alijiponza kwa kusema mahakamani alimhurumia Mayella.

Usiwakemee. Warudishe kwenye ushahidi. Mayella aliumizwa upande wa kulia wa uso, yaani huenda aliyempiga alitumia mkono wa kushoto. Baba yake hutumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom ulilemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambua pamba. Mimi huwaita wanafunzi wawili mbele waigize kipigo hicho polepole, bila kugusana. Ubishi hupoa hapo hapo. Kisha waulize: wale wazee wa baraza, wote wazungu, walioketi kuamua kesi walimtia Tom hatiani kwa lipi? Mtu mweusi kumhurumia mzungu, Alabama ya miaka ya 1930, ilihesabiwa ufedhuli. Ukipata muda, gusia kesi ya kweli ya vijana tisa weusi wa Scottsboro, Alabama, waliosingiziwa ubakaji wa wanawake wazungu mwaka 1931.

Ila kuwa mwangalifu: kitabu kina matusi ya rangi na tuhuma za ubakaji. Watahadharishe mapema, usimlazimishe mtu kusoma kwa sauti, na ukiona mwanafunzi amebadilika ghafla, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha.