Laki na hamsini ni ngapi?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama mtu anayeandika kwa usahihi, asiyekosea tahajia wala sarufi, ana nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa katika biashara ya hisa na fedha. Nilikuwa karani kwa dalali wa hisa Dar es Salaam kwa miaka tisa, nikipokea maagizo ya wateja na kuyaingiza kwenye kompyuta. Naomba nafasi nijibu kwa urefu kidogo.

Mmoja wa wateja wangu waliofanya vizuri alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliandika "harafu", aliandika "hera", na barua yake nzima haikuwa na nukta hata moja. Lakini namba ya akaunti, jina la kampuni, idadi ya hisa na bei hakuwahi kuvikosea. Kabla ya kunikabidhi fomu aliisoma kwa sauti pale kaunta, kidole kikipita chini ya kila tarakimu, hata kama nyuma yake kulikuwa na foleni. Nilikuwa pia na mwanasheria ambaye barua zake zingefaa kufundishia darasani. Huyo alinunua kila bei ilipopanda na kuuza kila alipoingiwa na hofu, na sikumbuki mwaka aliotoka na faida.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba Kiswahili kizuri, au Kiingereza kizuri, ni dalili ya akili ya biashara. Charles Schwab, aliyeanzisha kampuni ya udalali wa hisa ya Marekani yenye jina lake, ana disleksia, tatizo linalofanya kusoma na kuandika kuwe kugumu. Aligundua ukubwani, mwanawe alipopimwa akakutwa nalo. John Maynard Keynes naye, mchumi aliyeandika Kiingereza cha kupendeza mno, mwaka 1920 alifilisika kwa kubahatisha thamani ya fedha za kigeni, akalazimika kukopa ili aanze upya. Kalamu yake haikumsaidia kujua faranga na lira zingeelekea wapi mwezi ule.

Lakini kuna jambo ambalo naona swali lenu limeligusa bila kulitaja, nalo ni kurudi kusoma ulichokiandika kabla hakijatoka mkononi. Hapo pesa nyingi hupotea.

Tarehe 8 Desemba 2005, katika soko la hisa la Tokyo, kampuni ya udalali ya Mizuho ilitakiwa na mteja iuze hisa 1 ya kampuni iitwayo J-Com kwa yeni 610,000. Aliyeingiza agizo aligeuza: hisa 610,000 kwa yeni 1. J-Com ilikuwa ndiyo kwanza inaingia sokoni siku hiyo, na hisa zake zote zilikuwa 14,500 tu. Kompyuta ilitoa onyo kwamba bei haiko sawa, onyo likapuuzwa. Walipostuka na kutaka kufuta, mfumo wa soko ulikuwa na hitilafu, ukakataa. Hasara ilifika kama yeni bilioni 40. Hakuna herufi iliyokosewa pale. Kila tarakimu ilikuwa sahihi, ila imekaa mahali pa mwenzake.

Na mimi limenikuta, kwa kiasi changu. Mama mmoja alipiga simu akaniambia, "Mwanangu, niuzie laki na hamsini." Nikaandika 100,050. Yeye alimaanisha 150,000, kama watu wengi wanavyosema mtaani. Wateja wetu wengi walikuwa na idadi za ajabu ajabu kwenye akaunti, kwa hiyo ile 50 ya mwisho haikunishtua. Hisa 49,950 zilibaki bila kuuzwa, na tulipogundua bei ilikuwa imeshuka shilingi 10 kwa kila hisa. Ni shilingi 499,500. Ofisi ilimlipa, na mimi nikakatwa mshahara miezi minne. Fedha zile ziliniuma, lakini kilichonikosesha usingizi ni sauti ya yule mama aliponiuliza, "Kwani sikusema vizuri?" Alisema vizuri. Mimi ndiye sikumrudishia maneno yake nikasikia kama tumeelewana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama Kiswahili chetu kwa jicho la kazi. "Elfu mia mbili na tano" inaweza kuwa 205,000, inaweza kuwa 200,005. "Nunua hadi 480" ni bei au ni idadi? "Ikifika 500 uuze" na "ikifika 500 usiuze" zinatofautiana kwa silabi moja, nayo ni silabi ambayo kidole gumba huiruka kirahisi kwenye simu. Hapo sarufi si pambo tena. Anayeandika "harafu" hampotezi mtu, kwa sababu tunajua anachotaka. Anayeidondosha "si" ameagiza kinyume, na karani hana namna ya kujua.

Kuna na upande wa msomaji, ambao ninyi hamkuuuliza. Februari 2016 wezi waliingia katika mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zilikwenda Ufilipino. Dola milioni 20 zilikuwa zinaelekea Sri Lanka, kwa taasisi ambayo jina lake lilipaswa kuwa na neno "foundation", lakini lilikuwa limeandikwa "fandation". Deutsche Bank, iliyokuwa ikipitisha fedha hizo, iliuliza, na malipo yakazuiwa. Herufi mbili tu, na pale alikuwepo mtu anayesoma kweli.

Sasa niko nyumbani, nanunua hisa chache kwa akiba yangu. Nina daftari ambamo kabla ya kununua naandika sentensi kamili: nanunua nini, ngapi, kwa bei gani, na kwa nini. Mara nyingi ile "kwa sababu" ndiyo inayonishinda kuimalizia, na hapo siku hiyo sinunui.

Na kwa madalali nina ombi moja. Fomu tuliyokuwa tukitumia ilikuwa na nafasi ya tarakimu peke yake. Wekeni na mstari wa idadi kwa maneno, kama ulivyo kwenye hundi, na mteja akipiga simu msomeeni: "Laki moja na elfu hamsini, mama, ndiyo?" Kisha msubiri ajibu.

Msomaji, Dar es Salaam